Kilomita za Kwenye Boksi Hazijengi Daraja la Mtandao

Ukiingia duka la vifaa vya mtandao Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, ukasema unataka kuunganisha majengo mawili yaliyo mbali bila kuchimba mtaro wa kebo, utaulizwa swali moja: ni kilomita ngapi? Ukijibu kumi, utaletewa boksi lililoandikwa 15. Ukijibu ishirini, litaletwa la 30, la bei ya juu zaidi, na utahakikishiwa kwamba hili lina nguvu. Mazungumzo yanaishia hapo. Kinachobaki ni kupatana bei. Wakuu wa shule wananunua hivyo, hospitali za misheni zinanunua hivyo, hoteli za visiwani na vyama vya ushirika vya wakulima vivyo hivyo. Na baada ya muda imekuwa kama kanuni isiyohojiwa: umbali ndio tatizo, kilomita za kwenye boksi ndizo jibu, na anayeogopa kukwama aongeze nguvu.

Kanuni hiyo ni potofu, na inawagharimu watu ambao hawana fedha ya kununua mara mbili. Daraja la mtandao lisilo na waya huamuliwa na njia ambayo mawimbi yatapita: urefu wa milingoti, miti iliyo katikati, maji yaliyo chini, kelele za redio nyingine, na umeme unaofika kwenye kifaa. Kifaa chenyewe ni uamuzi wa mwisho, na mara nyingi ni uamuzi mdogo.

Tuitazame kwanza namba ya kwenye boksi na mahali inapotoka. Chukua redio ya kawaida ya masafa ya 5.8 gigahezi. Inatoa nguvu ya 25 dBm, takriban theluthi moja ya wati, na dishi lake linaongeza desibeli 23. Upande wa pili lipo pacha wake. Katika kipimo cha desibeli kila 3 ni nguvu mara mbili, kila 10 ni mara kumi; ukilishika hilo, hesabu yote ni ya kujumlisha na kutoa. Njia ya kilomita 10 iliyo wazi kabisa humeza desibeli 128. Jumlisha 25, 23 na 23, toa 128, unabaki na −57 dBm. Namba hizi huwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mapokezi yalivyo mazuri. −57 ni mapokezi mazuri sana.

Lakini redio hiyo hiyo, ikipunguza mwendo wa data hadi wa chini kabisa, inaweza kuyasikia mawimbi dhaifu ya −96 dBm. Sasa geuza hesabu: mawimbi yaende umbali gani ndipo yafifie kufikia hapo? Jibu ni zaidi ya kilomita 900. Mstari ulionyooka wa urefu huo ukitoka Dar es Salaam kuelekea kaskazini magharibi unapita juu ya Mwanza na kuishia ndani ya Ziwa Victoria. Kwa theluthi ya wati! Hesabu haina kosa. Kilichokosekana ni dunia yenyewe: mviringo wake, vilima vyake, miti yake na watu wengine wanaotumia masafa hayo hayo. Hakuna anayeandika 900 kwenye boksi, kwa hiyo mtengenezaji anachagua namba inayoaminika, 5 au 15 au 30, kwa vigezo anavyojiwekea mwenyewe kuhusu mwendo wa data na akiba ya mawimbi. Vigezo hivyo havimo kwenye boksi. Mnunuzi anayelinganisha kilomita 15 za kampuni moja na kilomita 20 za nyingine analinganisha namba ambazo hazikupimwa kwa rula moja.

Hivyo hivyo kwa kasi. Ile megabiti 450 au 867 iliyochapwa kwa herufi kubwa ni mwendo wa hewani, katika hali bora, na redio nyingi za aina hii husema na kusikiliza kwa zamu kwenye chaneli moja. Kinachobaki kwa mtumiaji ni kama nusu, na nusu hiyo inagawanywa kati ya kwenda na kurudi. Aliyeahidi bodi ya shule megabiti 450 kwa kusoma boksi ameahidi kitu ambacho hakipo.

Kama kuna ushahidi mmoja unaoibomoa imani ya kilomita, uko Venezuela. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake wa taasisi ya EsLaRed, wakisaidiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliunganisha vilele viwili vilivyo umbali wa kilomita 382 kwa redio za Wi-Fi za bei nafuu, wakapitisha megabiti takriban 3 kila upande. Hakuna boksi la redio za namna hiyo ambalo liliwahi kuandikwa kilomita 382. Walichokuwa nacho ni antena kubwa na mlima: upande mmoja wa kiungo ulikuwa Pico del Águila, juu ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, na njia ilipita hewani bila kugusa kitu. Tena walirekebisha programu. Wi-Fi ya kawaida hutuma kifurushi kisha husubiri kuambiwa "nimepokea", na haina subira: katika kilomita 382 kwenda na kurudi kunachukua zaidi ya mikrosekunde 2,500, na redio ambayo haikuambiwa umbali huo hudhani ujumbe umepotea, huutuma tena na tena mpaka kiungo kinajisonga chenyewe. Ndiyo sababu mipangilio ya redio nyingi za nje ina sehemu ya kujaza umbali. Wapo mafundi wanaoiacha kama ilivyotoka kiwandani, kisha wanalaumu kifaa.

Sisi hatuhitaji kilomita 382. Viungo vingi vinavyohitajika Afrika Mashariki ni vya kilomita 3, 8, 15: zahanati na hospitali ya wilaya, kampasi na kampasi, ghala na ofisi. Kwa umbali huo karibu kila redio ya nje iliyotengenezwa vizuri inatosha. Basi mbona vingi vinasuasua?

Sababu ya kwanza ni imani nyingine inayokwenda sambamba na ya kilomita, kwamba mkionana kwa macho inatosha. Fundi anapanda juu ya paa na darubini, anauona mnara wa ng'ambo kati ya vilele vya miti, anashuka akiwa na jibu. Macho yanahitaji tundu dogo tu. Mawimbi ya redio hayasafiri kama uzi. Yanachukua nafasi pana inayovimba katikati ya njia, na nafasi hiyo hupewa jina la Fresnel, Mfaransa aliyechunguza tabia ya mwanga mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa 5.8 gigahezi na kilomita 10, uvimbe huo una nusu kipenyo cha mita 11 katikati ya njia. Angalau asilimia 60 yake, karibu mita 7, lazima iwe wazi. Ongeza mita moja na nusu ya mviringo wa dunia kwa umbali huo. Maana yake, mstari wa kuonana unatakiwa upite mita 8 na nusu juu ya kitu kirefu kuliko vyote katikati.

Weka sasa hesabu hiyo Bagamoyo au Kilifi, kwenye tambarare ya minazi. Mnazi mzima hufika mita 20 na kuzidi. Ukiongeza 8 na nusu, mstari upite karibu mita 29 kutoka ardhini, na kwa kuwa nchi ni tambarare, milingoti ya pande zote mbili iwe na kimo hicho. Bomba la mita 6 juu ya paa la ghorofa moja halifiki huko, hata likibebeshwa redio ya kilomita 50. Nyanda za juu kusini, Mufindi na Njombe, kuna tatizo jingine: mikaratusi na misindano ya kupandwa. Mkaratusi kwenye ardhi nzuri huongezeka mita mbili au tatu kwa mwaka. Kiungo kilichofungwa leo juu ya shamba la miche kitafungwa na miti hiyo hiyo kabla wanafunzi waliokikuta hawajamaliza shule, na atakayeitwa kukiangalia atasema redio imechoka. Redio haichoki kwa namna hiyo. Fundi aliyefika eneo la kazi angemuuliza mwenye shamba miti ile ni ya nini na itavunwa lini, na swali hilo lingekuwa na thamani kuliko karatasi yote ya vipimo vya kifaa.

Wala kulipima jambo hili hakuhitaji mtaalamu kutoka nje. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, na takwimu zake hutolewa bure. Programu za kuchora umbo la njia kati ya nukta mbili zinazitumia. Zinakuonyesha vilima. Haziwezi kukuonyesha ghorofa lililojengwa mwaka jana wala mwembe ulioota tangu hapo, kwa hiyo ukishapata mchoro, tembea njia yenyewe, hasa katikati yake. Mchoro na matembezi ni kazi ya siku chache, na hununui kitu chochote.

Baharini mambo yanageuka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu pwani yetu na visiwa vyake vina viungo vingi vya aina hii. Juu ya maji hakuna miti, na watu wengi hudhani kwamba ndiyo njia rahisi kuliko zote. Chukua umbali wa kilomita 12, kama ule wa kutoka mjini Unguja hadi kisiwa cha Chumbe. Mawimbi yanafika upande wa pili kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kugonga uso wa bahari na kudunda. Yanayodunda kwa pembe ndogo hivyo hugeuka kinyume, na yanafika yakiwa yamechelewa kwa sentimita chache. Urefu wa wimbi moja la 5.8 gigahezi ni sentimita 5.2. Tofauti ya njia hizo mbili ikifika sentimita 5.2, la moja kwa moja na lililodunda yanafutana.

Sasa leta maji ya bamvua, ambapo kupwa na kujaa Zanzibar hutofautiana kwa mita kama 4. Antena zikiwa mita 22 juu ya maji yaliyokupwa, pande zote mbili, na mviringo wa dunia ukihesabiwa, tofauti ya njia ni sentimita 6.6. Maji yakijaa inashuka hadi 4.2. Katikati ya safari hiyo inapita kwenye 5.2, na mtandao unazama. Kisha unafufuka. Kisha maji yanapotoka unazama tena. Wakati wa maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, kiungo hicho hicho kinaweza kukaa siku nzima bila shida. Mtu asiyejua atasema kifaa kina jini, na muuzaji atamshauri anunue chenye nguvu zaidi. Lakini nguvu zaidi inaongeza mawimbi yote mawili kwa kiasi kile kile, nayo yanaendelea kufutana vile vile.

Dawa yake inashangaza: katika mfano huu, shusha antena. Zikiwa mita 14 badala ya 22, tofauti ya njia inacheza kati ya sentimita 2.4 na 1, mbali na mahali pa kufutana, na bado nafasi ya Fresnel inabaki wazi hata maji yakijaa. Pengine utafunga antena mbili kwenye mlingoti mmoja kwa vimo tofauti, moja ikizama nyingine iwe hai. Pengine utaisogeza antena nyuma ili ukingo wa paa au ufuko ukinge miale inayotoka majini. Yote hayo yanahitaji mtu anayejua majira ya maji, na wavuvi wa Unguja wanayajua vizuri kuliko mtengenezaji yeyote wa redio.

Nirudi kwenye neno "nguvu", kwa sababu ndilo linalouza. Umbali ukiongezeka mara mbili, mawimbi yanapungua kwa desibeli 6. Ili kufidia kwa nguvu peke yake unahitaji kuizidisha mara nne. Dishi ni jambo tofauti. Mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto huweka viganja mdomoni, na anayeitwa huweka kiganja sikioni. Antena hufanya kazi zote mbili, ya kusema na ya kusikia. Dishi lenye kipenyo mara mbili huongeza desibeli 6, na ukilibadilisha pande zote mbili umepata 12. Wati hazikuongezeka, bili ya umeme haikubadilika, na juu ya hayo dishi kubwa linasikia eneo jembamba, kwa hiyo kelele za pembeni haziliingii sana.

Na kelele ndiyo adui mkuu wa mijini. Kijijini, redio yetu yenye −57 inasikiliza juu ya utulivu wa −96: tofauti ni desibeli 39, na data inapita kwa kasi ya juu. Mahali penye watoa huduma wengi waliojaza mapaa ya Dar es Salaam au Nairobi kwa redio za 5 gigahezi, kelele inaweza kupanda hadi −80. Mapokezi ni yale yale −57, lakini tofauti sasa ni 23, na kasi inaporomoka. Kila anayeongeza nguvu anamwongezea jirani kelele, naye jirani anajibu kwa kuongeza, mpaka mtaa mzima unapiga kelele na hakuna anayesikiwa. Njia ya kutoka humo ni dishi jembamba, chaneli iliyochaguliwa baada ya kusikiliza hewa kwa siku kadhaa, na upana mdogo wa chaneli. Chaneli ya megahezi 80 inapokea kelele mara nne ya chaneli ya 20. Kwa kiungo cha megabiti 40 zinazohitajika kweli, 20 inatosha, na anayefungua 80 kwa sababu kifaa kinaruhusu anajiletea matatizo.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi za vipimo hulisema kwa maandishi madogo: redio nyingi hutoa nguvu yao kamili kwenye mwendo wa chini tu. Zinapopanda kwenye mwendo wa juu wa data hulazimika kupunguza nguvu, mara nyingi kwa desibeli kadhaa, ili mawimbi yasiharibike. Kwa hiyo ile nguvu uliyoilipia huipati pale unapoihitaji. Aidha sheria inaweka kikomo kwa nguvu inayotoka mbele ya antena, redio na dishi vikiwa pamoja. TCRA Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano Kenya huidhinisha aina za vifaa na kupanga matumizi ya masafa. Kabla ya kununua, uliza kikomo cha masafa unayokusudia, maana redio iliyoingizwa kimagendo na kufunguliwa mpaka mwisho inaweza kuingilia rada za hali ya hewa zinazofanya kazi karibu na 5.6 gigahezi.

Mvua nayo imebebeshwa lawama isiyo yake. "Mtandao umekata kwa sababu ya mvua" ni kauli ya kila masika. Kwa 5.8 gigahezi, mvua kubwa ya milimita 100 kwa saa hupunguza karibu desibeli moja kwa kila kilomita, na mvua ya namna hiyo haifuniki njia nzima kwa muda mrefu; kiungo chenye akiba nzuri huipita. Kwenye 24 gigahezi mvua hiyo hiyo humeza desibeli kama 15 kwa kilomita, na kwenye 60 gigahezi karibu 30, juu ya oksijeni ya hewani ambayo peke yake hula kama 15. Hivyo redio za 60 ni nzuri ajabu kwa mita mia kadhaa kati ya majengo mawili ya mji, na si za kubeba hospitali ya wilaya hadi zahanati ya kilomita 10. Kama kiungo chako cha 5.8 kinakufa kila mvua inaponyesha, tafuta maji ndani ya kiunganishi, kebo ya ndani iliyofungwa nje ikapasuliwa na jua, au majani yaliyolowa katikati ya njia.

Hata hivyo, muuaji mkubwa kuliko wote hata hatajwi dukani. Kundi la Berkeley nililolitaja lilifunga viungo vya mbali vya Wi-Fi kusini mwa India, katika hospitali ya macho ya Aravind, jimbo la Tamil Nadu, ambako wagonjwa walio kwenye vituo vya vijijini huonwa na daktari kwa video. Baada ya miaka ya kuviendesha waliandika, mwaka 2008, juu ya yale yaliyovifanya viharibike, na umeme mbaya ulikuwa juu ya orodha: voltesi inayopanda na kushuka ghafla, vifaa vilivyoungua, kumbukumbu zilizoharibika. Masomo hayo ni ya kwetu kabisa. Anayeishi mahali ambapo umeme hurudi kwa kishindo anayajua bila kusoma utafiti.

Halafu radi. Kabare, Kivu Kusini, kwenye milima ya Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na ukanda wa Ziwa Victoria hauko nyuma. Mlingoti ulio juu kuliko miti yote ya jirani ni mwaliko kwa radi. Unahitaji waya mnene wa ethi na nondo iliyozama kwenye udongo wenye unyevu, kebo yenye ngao, na kikinga radi pale kebo inapoingia jengoni. Vitu hivi huwa vya kwanza kufutwa kwenye proforma ili bei ishuke, wakati redio ya nguvu kubwa inabaki. Kinachofuata ni kwamba msimu wa radi unaichukua redio, swichi, na wakati mwingine kompyuta ya mhasibu.

Nguvu kubwa ina gharama nyingine kwa wanaotegemea sola. Redio ndogo inayokula wati 8 inahitaji wati-saa 192 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ukitumia nusu yake ili isife mapema, inaibeba siku tatu za mawingu. Redio ya wati 20 betri hiyo hiyo inaibeba siku moja na robo. Kwenye kilima kisicho na umeme, mwezi Aprili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama zahanati itakuwa na mtandao. Mtandao wa BOSCO wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, ulioanza katika kambi za wakimbizi wa ndani, ulijengwa kwa kompyuta zinazokula umeme kidogo, sola na Wi-Fi ya masafa marefu. Waliuanza kwa kuuliza umeme utatoka wapi.

Wapo watakaonijibu kwamba kununua kikubwa ni kujiwekea akiba, na kwamba shule ya kijijini haina mhandisi wa kupiga hesabu hizi. Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake. Akiba inahitajika, kiungo kisicho na desibeli 15 au 20 za ziada hakiaminiki. Lakini akiba hiyo ipatikane kwa dishi na kimo cha mlingoti, kwa sababu hivyo viwili vinasaidia pande zote na havichoshi betri. Hoja ya pili siikubali. Hesabu niliyoifanya hapo juu ni ya kujumlisha na kutoa, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya. Ina faida moja ambayo hakuna kifaa kinachoiuza: inakuambia namba ya kutarajia kabla hujapanda. Dishi lenye miale myembamba lina pia miale ya pembeni iliyo dhaifu kwa desibeli 20 hivi. Fundi asiyejua anachotarajia akipata −77 atafurahi kwamba "imeshika" na kukaza bolti. Anayejua kwamba inapaswa kuwa −57 ataendelea kuzungusha mpaka ampate mwenzake wa kweli.

Wengine watasema zama za milingoti zimepita, satelaiti zipo. Starlink inafanya kazi Kenya tangu 2023. Kwa nyumba iliyo peke yake porini, sawa. Lakini hospitali yenye zahanati sita haihitaji kulipia huduma saba kila mwezi ili mafaili yake yasafiri kilomita 8 kupitia angani. Ikiwa na milingoti yake, inalipia mlango mmoja wa intaneti na kugawa ndani. Na penye mkongo wa faiba jirani kwa bei inayobebeka, chukua faiba. Hakuna redio itakayoushinda.

Uamuzi wa kifaa bado upo, nao unafupika ukifika wakati wake. Chagua chapa ambayo spea zake zinapatikana mji wa karibu na ambayo fundi wako anaijua. Chagua inayokuruhusu kubadilisha dishi, kuweka umbali na kupunguza upana wa chaneli. Nunua pacha wa tatu na umweke kabatini, kwa sababu siku radi itakapopiga hutakuwa na wiki mbili za kungoja mzigo.

Kwa wajumbe wa kamati za ununuzi, wakuu wa shule na waganga wafawidhi: proforma ikiletwa mezani ikiwa na jina la redio na kilomita zake, bila kimo cha milingoti, bila mchoro wa njia, bila namba ya mapokezi inayotarajiwa na bila ethi, msiisaini. Mrudishieni aliyeileta, aende akaitembee njia kwanza.